Pingamizi la Bi Ummkulthum

Kwa siku tatu mfululizo kazi yangu ilikuwa kuwakana watu. Nilipewa kiti cha plastiki, chupa ya maji na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikawekwa kwenye darasa la tatu la skuli yetu hapa Kiuyu niwe wakala wa chama katika uandikishaji wa wapigakura. Kila aingiaye namtazama toka kofia hadi kandambili. Nikimtilia shaka nasema "Pingamizi!" na karani anainua kalamu juu ya karatasi. Sitawadanganya, neno lile lilikuwa tamu mdomoni. Nimefika miaka hamsini na minne bila ya kumuona mwanamme hata mmoja akinyamaza kwa sababu mimi nimesema.

Aliyesimamia kazi alikuwa Mwalimu Sabir, katoka Chake Chake, mtu wa makamo mwenye miwani na subira nyingi. Siku ya kwanza nilipomuona nilinong'ona, tena kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi Muhindi ndiye wa kutwambia nani mwenyeji?"

Akasikia. Akaifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akasema taratibu, "Bi Ummkulthum, babu yangu na baba wa babu yangu wamezikwa Chake. Kila uchaguzi hapakosi mtu wa kuniuliza natoka wapi. Mwaka huu umekuwa wewe."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikanuna mpaka adhuhuri.

Upande wa pili wa darasa alikaa Mzee Hamdan, wakala wa wenzetu. "Wenzetu" ndivyo tunavyowaita watu wa chama kile kingine, na ukimsikia mtu wa Kiuyu akitamka neno hilo usidhani analisema kwa mapenzi. Katikati, kwenye meza ya mwalimu, alikaa sheha, mkuu wa kijiji chetu, na daftari lake. Kazi ya sheha ni kutazama uso wa mtu na kusema "namjua" au "simjui", maana yeye ndiye anayejua nani analala nyumba ipi. Na sheha wetu ni mwanamke, Mwanapili, naye ni wa wenzetu.

Mwanapili na mimi tulikwenda chuoni kusoma Kurani pamoja, tukaolewa mwaka mmoja, na nyumba zetu zimepakana ua kwa ua. Ukaja uchaguzi wa elfu mbili na tano. Mume wake akasimama upande ule, mume wangu akasimama upande huu, na mimi nikaacha kumsalimia. Wala sikuwa peke yangu, kijiji kizima kilipasuka. Hatukununua kwenye maduka yao, hawakupanda gari zetu, hatukuhudhuriana misibani. Hata masufuria ya shughuli, ambayo yalikuwa ya watu wote, yaligawanywa. Wenzetu walichukua masufuria, sisi tukabaki na mifuniko na miko, na mwaka mzima haikupikwa pilau ya maana upande wowote.

Wakubwa huko juu walikuja wakapatana, wakapeana mikono. Sisi huku chini tukaendelea kununa, maana hakuna aliyekuja kutwambia tuache. Taratibu watu walichoka, wakaanza kuzikana, wakaanza kualikana. Mimi sikuchoka. Kaka yangu Abrahman, ambaye ni katibu wa tawi letu, alikuwa akinisifu mbele za watu kwamba Kulthum si kigeugeu. Nami nikazipokea sifa hizo, ingawa aliyekuwa akinisifu ni mtu asiyejua hata chumvi ya mboga yake.

Asubuhi ile ya kwanza Abrahman aliniita pembeni. "Kazi yako moja tu," akaniambia. "Wataleta mamluki, watu wa nje, waje waandikwe hapa. Ukimkubali mmoja ushakubali kumi. Usimwonee ntu haya."

"Kwani mie nina haya, kaka?"

"Ndo maana tukakuchagua weye."

Saa tatu akaingia Ashraf, mtoto wa Mwanapili. Kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mikono migumu kwa kubeba mizigo. Kasoma Mkoani, na sasa ni mchukuzi pale bandarini boti zinapofika kutoka Unguja. Kitambulisho chake kimeandikwa Mkoani. Alinisalimia, "Shikamoo, mama," na mimi nikamwitikia kwa pua. Mwalimu Sabir akamgeukia sheha. Mwanapili akalifunga daftari lake.

"Huyo ni mwanangu wa kumzaa," akasema. "Siwezi kumshuhudia mie. Aulizwe mwengine."

"Pingamizi!" nikasema, na karibu nisimame juu ya kiti. "Huyu ni wa Mkoani. Anayelala Mkoani akapige kura Mkoani!"

Ashraf alinitazama. Mimi nimemwona kijana yule tangu anatambaa. Mpira wake umeangukia uani kwangu mara nisizozihesabu. Nilijua kila Ijumaa anarudi Kiuyu na kila Idi anachinja kuku ua wa pili na wangu. Niliyajua yote hayo, na bado nikaijaza fomu ya pingamizi kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu Sabir akamfahamisha kijana kwa upole kwamba pingamizi likishawekwa, aliyeliweka ndiye anayeweza kuliondoa. Asipoliondoa litapelekwa mbele kuamuliwa, na kwa uandikishaji huu itakuwa basi, maana kituo kinafungwa siku ya tatu saa kumi. Ashraf akasema, "Inshallah," akatoka. Mwanapili hakunitazama. Alifungua daftari, akamwita anayefuata.

Jioni ile, wakati nakuna nazi, mwanangu Khairat alikuja akasimama mbele yangu mikono kiunoni. Khairat ni kitindamimba wangu, ametimiza miaka kumi na minane mwaka huu. Kasoma Mkoani miaka minne akikaa kwa dada yangu Saada, na karudi nyumbani miezi michache iliyopita.

"Mama, umemfanyia nini Ashraf?"

"Kwani wamjua?"

"Nisimjue vipi? Tumesoma skuli moja Mkoani, na nyumba zetu ua mmoja."

"Basi usimjue sana."

Akachuchumaa. "Mama, na mie karatasi zangu zasema Mkoani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mkoani. Kesho kutwa nikija kuandikwa, nitasema nini?"

Kifuu cha nazi kikanisimama mkononi, juu ya mbuzi. Ni kweli. Khairat alipokuwa na wiki moja alishikwa na manjano, Saada akampeleka hospitali Mkoani, na wakati wa kutengeneza cheti aliyeulizwa ni Saada, akajibu anavyojua yeye. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona ubaya wake. Karatasi ni karatasi, mtoto ninaye.

"Weye ni mwanangu," nikamwambia. "Kiuyu nzima yakujua. Nani atathubutu?"

Lakini nazi ile sikuimaliza vizuri. Mtoto wangu alikuwa akiisubiri siku hii tangu ana miaka kumi na tatu. Alikuwa anakaa na redio ya baba yake akisikiliza wagombea, anabishana nao kama vile wanamsikia. Buibui la kwendea kujiandikisha alishalifua na kulipiga pasi mara mbili. Nikawaza, wakimkatalia huyu, nitaweka wapi uso wangu?

Siku ya tatu, saa sita, Khairat aliingia darasani. Mzee Hamdan alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, kanzu nyeupe, bakora katikati ya magoti. Aliposoma cheti cha mwanangu alitabasamu. Mzee yule ana adabu mpaka zinaudhi.

"Nina pingamizi, Mwalimu," akasema. "Ntoto huyu ni wa Mkoani. Na kama alivyotufundisha Bi Ummkulthum juzi, anayelala Mkoani akapige kura Mkoani."

Maneno yangu mwenyewe, hakupunguza hata moja. Foleni ilikuwa imejaa mpaka barazani na wote walisikia. Nikahisi masikio yananiwaka moto.

"Huyu ni mwanangu!" nikasema. "Kazaliwa hapa hapa, Kiuyu, nyumbani kwangu!"

"Sikatai ni mwanao," akajibu Mzee Hamdan. "Na Ashraf ni mwana wa ntu vilevile. Lakini mie si mkaidi. Nletee ntu mmoja, asiyekuwa wa damu yake, aliyekuwapo siku aliyozaliwa. Mmoja tu. Aseme kazaliwa hapa, nami pingamizi langu nalichana mbele yako."

Mwalimu Sabir akanitazama juu ya miwani. "Yupo, Bi Ummkulthum?"

Hapo nikakosa pa kushika. Kwa sababu Kiuyu nzima inajua kwamba Khairat nilimzaa peke yangu. Nimeyasema mwenyewe, na nimeyasema sana. Kwenye arusi, kwenye hitima, kisimani, popote wanawake walipokuwa wakilalamika uchungu wa uzazi, nilikuwa nawakata maneno: nyinyi mnalilia nini, mimi nimezaa peke yangu, sina mkunga wala jirani. Wakanipachika jina, Bi Peke Yake. Nikalivaa jina hilo kama kanga mpya.

Na ilikuwa uongo.

Siku ile chama chetu kilikuwa na mkutano mkubwa Gombani, kule Chake. Magari yalikuja alfajiri yakawazoa watu wote wa upande wetu, wanawake kwa wanaume, mume wangu akiwa wa kwanza kupanda. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, nikaachwa na jagi la maji na maneno ya kutosha. Saa nne uchungu ukanikamata. Nikapiga ukelele. Upande wetu hapakuwa na mtu wa kusikia. Aliyesikia alikuwa mtu niliyekuwa sijamsalimia miaka miwili. Mwanapili aliukanyaga ua wa makuti akapita juu yake, mtoto wake mchanga mgongoni, akanikuta chini jikoni. Hakusema hata neno moja la kunisuta. Alinizalisha, akamsafisha mtoto, akanipikia uji, akafagia. Na alipotaka kuondoka, mimi nilimshika mkono. Sikumshika kumshukuru. Nilimwambia, "Wallahi, usimwambie ntu."

Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya." Akarudi kwao. Watu waliporudi na bendera zao walinikuta na mtoto kifuani, na kabla hawajamaliza kuuliza nilishawajibu. Kule kuzalishwa na mtu wa wenzetu kulikuwa aibu niliyoiona kubwa kuliko kifo. Leo nikiyaandika haya najiona mjinga, lakini siku zile ndivyo tulivyokuwa.

Basi nikasimama pale mbele ya foleni, mdomo wazi, sina shahidi. Abrahman alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Khairat alinitazama mimi, akamtazama Mwalimu, machozi yakaanza kumlenga.

"Bi Sheha," akasema Mwalimu Sabir, "wewe unamjua binti huyu?"

Mwanapili aliweka kalamu yake chini. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Leo ananilipa. Juzi nimemkana mwanawe mbele ya uso wake, leo neno moja tu, "simjui," na hakuna wa kumlaumu. Na mimi, kama ningekuwa yeye, ningelisema. Naapa ningelisema.

"Namjua," akasema Mwanapili. "Lakini habari za kuzaliwa kwake ni amana niliyowekewa na mama'ke. Miaka kumi na minane nimeitunza. Mie siwezi kuifungua. Mwenyewe yupo hapa, akitaka aifungue yeye."

Nilimtazama Mwanapili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi na yeye alinitazama machoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba kitu kizito na hajui atue wapi.

Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa hajui. Na Mwanapili alikuwa akimtunzia siri mwanamke ambaye hamjibu salamu. Nikaona haya, haya za kweli, zile ambazo kaka yangu alidhani sina.

"Alikuwapo yeye," nikasema.

"Nani?" akauliza Mzee Hamdan.

"Yeye! Sheha! Mwanapili!" Nikaanza kufoka, maana mimi nikiona haya nafoka. "Sikuzaa peke yangu! Nyinyi nyote mlikuwa Gombani mnapiga makofi, na mimi nimetupwa kama jungu bovu. Yeye ndiye aliyekuja. Yeye ndiye aliyempokea Khairat. Nimesema uongo miaka kumi na minane. Basi, mshasikia, haya, chekeni!"

Hakuna aliyecheka. Kule nyuma ya foleni mwanamke mmoja alisema, "Loo!" na mwengine akasema, "Ndo Bi Peke Yake huyo?"

Mwanapili akainuka. Sauti yake ilikuwa ya kiofisi mwanzoni, baadaye ikamwacha ikawa ile ya zamani. "Nilikuwapo. Ilikuwa saa nne na kitu. Ntoto alitoka na kitovu shingoni, nikakitoa. Kitovu nimekikata kwa wembe mpya wa marehemu mume wangu. Na kwa kuwa nimeulizwa, nasema yote: kitovu na kondo lake vimezikwa kwangu."

"Kwako?" nikauliza.

"Kwangu. Nyuma ya jiko, chini ya mstafeli. Ningechimba kwenu, watu wangerudi wakaona udongo mbichi wakauliza nani kachimba. Nawe ulishanambia asijue ntu. Ningefanyaje?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Mtoto wangu niliyemlea asipokee hata pipi kutoka dukani kwa wenzetu, kitovu chake kiko kwenye ua wa wenzetu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kicheko kilinitoka chenyewe, nikacheka mpaka nikashika meza, na Mwanapili naye akacheka, kanga mdomoni. Foleni ikatufuata, barazani mpaka uwanjani. Mzee Hamdan aliikunja fomu yake mara mbili, akaichana vipande vinne, akaviweka mfukoni mwa kanzu ili asichafue darasa.

"Ntoto wa katibu wa tawi," akasema, "kitovu kwa sheha! Mwandike, Mwalimu, mwandike haraka. Huyu ndiye mwenyeji kuliko sote."

"Ni mpwa wangu, si mtoto wangu," akasema Abrahman kutoka mlangoni, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Khairat akawekwa mbele ya kamera. Alipokuwa akibonyeza vidole kwenye kile kimashine, meno yote yalikuwa nje. Mzigo ulinishuka mabegani. Nikakaa kwenye kiti changu, nikanywa maji ya chupa nzima kwa pumzi moja.

Ndipo nikakumbuka. "Mwalimu," nikasema, "lile pingamizi la Ashraf naliondoa."

"Vizuri," akasema Mwalimu Sabir. "Lakini kijana mwenyewe lazima awepo, kwa picha na vidole. Tunafunga saa kumi. Sasa ni saa saba na robo. Yuko wapi?"

"Mkoani," akasema Mwanapili, na uso ukamnywea. "Leo kuna boti. Na simu yangu haipokei, kakasirika. Aliniambia, mama, hata weye hukunisemea."

Neno lile lilinichoma mimi zaidi yake. Kutoka Mkoani mpaka Kiuyu ni kisiwa kizima, kusini mpaka kaskazini.

Khairat alikuwa ameshatoa simu. "Ashraf? Mie Khairat. Acha hiyo mizigo, njoo. Njoo sasa hivi. Mama kaondoa. Mama yangu, ndiyo! Wallahi sikutanii. Panda chochote."

Nikamkodolea macho. "Namba yake umeitoa wapi?"

"Mama, nishakwambia tumesoma pamoja. Tangu lini sisi tumegombana? Mnaogombana ni nyinyi."

Nikaenda mlangoni kuitazama njia.

Tukasubiri. Saa nane, Khairat anatwambia kutoka kwenye simu, kijana yuko Chake. Saa tisa, amepata bodaboda. Saa tisa na nusu, bodaboda imepata pancha karibu na Konde. Mwanapili alikuwa anazungusha pete kidoleni, anaitazama saa ya ukutani, anaitazama njia. Foleni ilishakwisha. Dakika kumi kabla ya saa kumi karani alianza kukusanya nyaya. Mwalimu Sabir akasimama, akaitazama saa ya ukutani kama mtu asiyetaka kuiona.

"Pingamizi!" nikasema.

Akageuka. "Pingamizi la nani tena, Bi Ummkulthum? Hapana mtu."

"Saa hiyo. Naipinga saa hiyo."

"Unapinga saa?"

"Inakwenda mbele. Siiamini. Nina haki ya kupinga, na pingamizi linaandikwa kwenye fomu. Leta fomu."

"Na mie," akasema Mzee Hamdan akiegemea bakora yake, "nalipinga pingamizi lake. Saa ile ni nzima. Nataka fomu yangu na mie."

Nilimtazama mzee yule nikatamani kumbusu mkono. Mwalimu Sabir alituangalia kwa zamu, mimi na yeye. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaanza kuzitafuta fomu mkobani, na alizitafuta kwa muda mrefu kuliko unaohitajika. Nikaandika jina langu herufi moja moja. Nikauliza tarehe. Nikauliza mwaka wa Kiislamu. Nikasema kalamu haina wino.

Abrahman akaja akaniinamia sikioni. "Kulthum, wajua wafanya nini? Hiyo ni kura yao."

"Ni kura yake, kaka."

"Chama kitasema nini?"

"Kitasema Ummkulthum kaandika mtu anayemjua. Niache niandike."

Akaondoka amefura. Najua atanuna miezi, na nitamwachia anune, maana kununa nakujua, nako kunamchosha mwenyewe kabla ya mtu mwengine.

Nje bodaboda ikanguruma uwanjani. Ashraf aliingia mbio, vumbi mpaka nyusi, shati la bandarini limemganda kwa jasho. Alisimama katikati ya darasa asijue amsalimie nani kwanza. Mwanapili alikwenda akamfuta uso kwa kanga yake.

"Amewahi," akasema Mwalimu Sabir bila ya kuitazama saa. Akanisogezea fomu ya kuondoa pingamizi. "Jina lako?"

"Ummkulthum Hamad."

"Sababu ya kuondoa?"

"Nilisema uongo. Namjua. Nimemjua tangu anatambaa, na siku aliyozaliwa mwanangu naye alikuwepo, mgongoni kwa mama'ke."

Akaandika. Ashraf alikuwa akinitazama, na mimi nilijitahidi nisiangalie pembeni. Kalamu ya Mwalimu ikafika kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa wanataka uhusiano wako na muombaji. Niandike wakala wa chama?"

Nilimtazama Mwanapili, amesimama na kanga imechafuka vumbi la mwanawe.

"Hapana," nikasema. "Andika jirani."

Mwalimu akaandika, nikatia saini, kijana akaitwa kwenye kamera. Mimi nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za skuli, nikalia kwa raha mpaka Mwanapili alipokuja akakaa pembeni yangu.